Maiti Ndani ya Sanduku la Bi Harusi

Mashoga zangu, leo nimeadhirika. Tena si aibu ya kidogo, nimeadhirika mbele ya wanawake arubaini na wanaume wasiopungua sita! Zuhura, wewe ndiye msomaji wa barua huko Dubai, basi wasomee wenzako taratibu na usiruke pahala.

Mnajua ugonjwa wangu wa vitabu vya mazimwi. Vile vya picha, vya Kimarekani, nilivyokuwa nikinunua Darajani vikiwa vimeshapita mikono kumi. Siku hizi hata huko kwao wamevikataza, havichapwi tena, ndiyo maana natunza vyangu sita kama dhahabu. Mama anavichukia. Anasema vinaita mashetani. (Mimi nasema mashetani wa humo wana adabu kuliko watu, maana hawamgusi ila aliyedhulumu.) Nani asiyempenda maiti aliyetoka kaburini, jicho moja linaning'inia, funza wanamtoka puani, na bado anasimama kufanya mzaha kabla ya kumnyonga adui yake? Na rangi zake! Kijani cha ngozi kimemwagika nje ya mstari mpaka kimepaka na mwezi. Navipenda, sina la kuficha.

Tulipohama Unguja niliviokoa kwa kuvitia ndani ya kanga. Kila doti na kitabu chake katikati, jumla doti sita. Mwaka wa tatu huu ziko chini kabisa ndani ya kasha letu hapa Matrah, Omani, Mama anaziweka kwa ajili ya harusi ya kaka yangu Nassor. Nikitaka kusoma, natoa. Nikimaliza, narudisha. (Nilijua harusi itafika. Nilijidanganya kwamba haitafika upesi.)

Leo ndiyo siku ya kupeleka sanduku kwa kina bi harusi, huko Sib. Nilikusudia kuvitoa vitabu asubuhi mapema, lakini wakanikalisha kutiwa hina. Mikono yote miwili! Nikakaa kama sanamu nikisubiri ikauke. Nilipokwisha kunawa, Mama alikuwa anafunga sanduku.

"Nimetia zile doti sita za chini," akasema, anafurahi. "Zimenyooka, utadhani zimepigwa pasi."

Na vitabu vyangu vimo katikati! Sanduku likapandishwa kwenye Landrova, Mama akalikalia juu, na mimi njia nzima ya mchanga hadi Sib nasoma kila dua niliyofunzwa chuoni.

Sasa mwenye neno katika nyumba ile ni Bi Zamzam, bibi yake bi harusi. Mwaka jana alirudisha sanduku la watu kwa sababu manukato yalivuja. Sanduku likirudi, harusi imekufa, na Nassor wetu amemngoja huyo bi harusi, Salma, miaka miwili. Na nani anayefungua sanduku mbele ya wanawake na kuonesha kitu kimoja kimoja? Dada wa bwana harusi. Mimi!

Nikaanza vizuri. Viatu! Vigelegele. Udi! Vigelegele. Hariri! Mama anatabasamu mpaka masikioni. Nikafika kwenye kanga, nikanyanyua ya kwanza juu ikiwa imekunjwa vile vile. "Doti ya kanga, nzuri sana!" Nikaiweka pembeni haraka.

"Ikunjue, mwanangu," akasema Bi Zamzam. "Tusomee jina lake lililoandikwa."

"Jina lake la kawaida tu, bibi."

"Na hilo la kawaida tunalitaka."

Mama akanitolea macho. Nikaikunjua polepole, ncha moja nimeishika kwa kidevu, nikajaribu kukibana kitabu kwa magoti. Jamani, magoti si mikono! Kitabu kikaniponyoka, kikatua kwenye mapaja ya Bi Zamzam, maiti uso juu. Na wale wa nyuma, wasioona kitu, wakapiga vigelegele virefu kuliko vyote vya leo.

Vilipokwisha, Bi Zamzam akakiinua kitabu.

"Huyu nani?" akauliza Bi Zamzam.

"Maiti, bibi."

"Maiti wa kwenu?"

"Wa Amerika, bibi."

Jirani mmoja Mwarabu, asiyejua Kiswahili, akauliza nini hiki, "Mo hadha?" Mtu akamjibu, "Mayyit." Yule mama akainuka akatafuta viatu vyake.

"Mnamletea mjukuu wangu maiti siku ya sanduku lake?" Bi Zamzam sasa sauti imeshuka, na ikishuka ndiyo mbaya. "Lifungeni. Lirudi lilikotoka."

Mama ameshashika kifuniko cha sanduku. Nikamwona Nassor akilini mwangu, kijana wa watu, ananyoa ndevu tangu alfajiri kwa furaha. Nikapiga magoti. "Bibi, ni changu mimi! Mama hajui, Nassor hajui. Wallahi si uchawi, ni hadithi tu."

"Hadithi ya nini?"

"Ya mume aliyemtia mkewe sumu, apate kuoa mwengine."

Yule jirani, bado anatafuta viatu, hakuelewa neno, lakini wengine wote walielewa. Watu wakasogea. Bi Zamzam akakitazama tena kitabu, safari hii kwa karibu. "Enhe?"

Nikamsimulia. Mke kazikwa, mume kajipaka manukato, harusi ya pili imewiva, na kule makaburini udongo unatikisika. Nawaapia, sijapata wasikilizaji kama wale! Wananiuliza, "Akatoka na sanda yake?" Wanajibizana wenyewe, "Hata ingekuwa mimi, ningetoka!"

"Akamfanyaje?" Bi Zamzam kashika shavu. "Hebu tuoneshe."

(Hapa mtu mwenye akili angesema ahsante, imetosha.)

Mimi nikajitia kanga kichwani, nikafumba macho, nikatambaa sakafuni nikikoroma. "Muuume waanguuu!" Wanawake wakapiga mayowe, sinia la kahawa likapinduka, na nilivyosikia raha ya mayowe yale nikazidi kutambaa. Mkono wangu ukagusa mguu. Nikaukamata barabara nikinguruma, "Uliniua, nami leo nimekuja kukuchukua!"

"Mimi?" ikauliza sauti nene.

Nikafumbua jicho moja. Bwana Seif, baba yake Salma! Alikuwa barazani na wanaume wenzake, wakasikia mayowe, wakadhani kaingia nyoka. Kashika pazia mkono mmoja na bakora mkono wa pili, na nyuma yake vilemba vitano vinachungulia. Na mimi bado nimeung'ang'ania mguu wake, kwa hofu vidole haviachii.

Aliyecheka mwanzo ni Bi Zamzam. Alicheka mpaka akalala ubavu, machozi yanamtoka, kisha chumba kizima kikaripuka. Hata Salma, aliyefichwa chumba cha ndani na kuambiwa asisikike, tulimsikia anacheka kwa kwikwi. Bwana Seif akatoa mguu wake kwa heshima, akarudi barazani.

"Sanduku limekubaliwa," akasema Bi Zamzam alipopata pumzi. "Watu wa nyumba yenye kicheko hawamtesi mwana wa mtu."

Mama akalia, nami nikalia. Halafu nikavitoa vile vitano vilivyobaki kangani, nikakusanya vyote sita, nikitaka kuvitia kwapani.

"Unavipeleka wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Mwanangu, kilichokuja sandukuni ni cha bi harusi."

Mlango wa ndani ukafunguka kidogo. Mkono wenye hina mpaka kwenye kiwiko ukatoka, ukangoja. Nikampa Salma kimoja kimoja, na kile cha mwisho aliking'oa mwenyewe mikononi mwangu.

Basi ndiyo hivyo, mashoga zangu: Alkhamisi kaka yangu anaoa, lakini mahari nimetoa mimi, mazimwi sita wazima, na nisisikie kwamba kuna aliyecheka.