Dawa ya Kupaka si ya Wakubwa

Kwa heshima na taadhima, uongozi wa hospitali ulitangaza kwamba dawa haitafuata tena ugonjwa. Itafuata cheo. Wafagizi na walinzi watameza vidonge au kupakwa dawa. Makarani watanyweshwa ya maji kwa kijiko. Wakuu wa idara watachomwa sindano ya msuli. Dripu ya mshipani ni ya Mkurugenzi peke yake, kwa kuzingatia uzito wa majukumu yake.

Mwanafunzi wa uuguzi aliona mpango huo una akili sana, mpaka shangazi yake alipolazwa. Shangazi, mfagizi wa wodi hiyohiyo, ndiye aliyemlea. Sasa macho yalikuwa yamemwingia ndani, midomo imekauka, na kila kidonge alichomeza kilirudi kizima.

"Mwanangu, hivi vidonge na mimi hatuivi chungu kimoja."

"Unahitaji dripu, Shangazi. Na sindano ya kuzuia kutapika humohumo."

"Dripu, mimi? Watakutimua chuoni, we mtoto!"

Mlango ukafunguka. Mkurugenzi aliingia akichechemea, akamnong'oneza mwanafunzi:

"Binti, vidole vya mguu vinaniwasha, nakaribia kulia. Nipe kale kamrija ka dawa ya kupaka. Kimyakimya."

"Shikamoo, mkuu. Ile ni ya wafagizi. Yako hii hapa." Akainua sindano ya dripu.

"Fangasi, kwa dripu?"

"Kwa kuzingatia uzito wa majukumu."

"Hakuna kasindano kembamba zaidi?"

"Hadhi yako haikaruhusu, mkuu."

Jasho likamtiririka. Mwanafunzi alimtazama shangazi yake, ambaye hata nguvu za kutapika zilikuwa zimeanza kumwishia, akapiga moyo konde.

"Ila cheo kinaweza kukabidhiwa. Huyu mama akiwa Mkurugenzi, wewe ukawa mfagizi, kila mtu atapata haki yake."

Mkurugenzi alicheka. Kisha akaitazama sindano. Muuguzi mkuu akaitwa kushuhudia, naye, kwa kuwa hakuwahi kupinga amri maishani, akawapa hongera wote wawili.

Mfagizi mpya alijipaka dawa huku amefumba macho kwa raha. Mkurugenzi mpya alitafutiwa mshipa na mpwa wake. Ulipopatikana, matone yakaanza kushuka. Kutapika kukakoma. Uso ukarudiwa na uhai, Shangazi akamshika mpwa wake kidole, akalala fofofo.

"Haya," alisema mfagizi, akivaa kiatu, "nirudishieni cheo changu."

"Hilo ni la Mkurugenzi kuidhinisha," alijibu muuguzi mkuu.

"Basi mwamsheni!"

"Mkurugenzi aamshwe kwa ajili ya mfagizi? Baba, una adabu kweli?" Muuguzi mkuu aliyatazama matapishi sakafuni, kisha akamtazama yeye. "Anzia hapo chini ya kitanda. Na usigongegonge ndoo. Mkubwa amelala."