Maneno Matano na Kidole Gumba

Jumatatu, 3 Juni
Gaynor, binti niliyemzaa mwenyewe, anataka kuninyang'anya gari! Ati nasahau. Ijumaa daktari ananipima akili: atanisomea maneno matano, niyarudie baadaye. Nikishindwa, kwaheri leseni. Thubutu! Chuo kikuu hapa Adelaide kinatafuta watu wa kuchochewa ubongo kwa sumaku. Nimejiandikisha kimyakimya. Gaynor atakoma.

Jumanne, 4 Juni
Mtafiti, Mei-Lin, kaniwekea mashine kichwani. Ta! Ta! Ta! Kidole gumba kikaruka chenyewe. Akasema wengine huwa hivyo. Akanikumbusha pia kwamba nusu yetu hatupewi sumaku, tunasikilizishwa mlio tu. Hao ni wajinga wengine, si mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Nakula pai yangu na supu ya njegere, kidole kikaruka. Mashine haipo! Kila kikiruka, sauti ya mwanamke nisiyemjua inanong'ona neno sikioni. Mvua. Mbwa. Njano. Daraja. Kioo. Biskuti, mbwa wangu, akarudi nyuma hadi ukutani, ananikodolea macho. Niliogopa, nakiri. Kisha nikashangilia. Ubongo umenoleka!

Ijumaa, 7 Juni
Gaynor kanileta, kaketi kando yangu. Daktari ni mwanamke, mgeni kwangu. Akauliza kama niko tayari. Nikamtajia maneno yote matano, bila kusita! Akageuza karatasi yake tuione. Ndiyo hayohayo, kwa mpangilio uleule. Akasema polepole, mzee Vern, mbona sijakusomea bado? Mungu wangu, sauti ni ileile ya jana!
Gaynor akasema baba, umeiba karatasi, huoni haya? Daktari akanisomea mengine. Sikukumbuka hata moja. Leseni imekwenda, ufunguo uko mkobani kwa Gaynor. Nililia chooni.

Jumanne, 11 Juni
Mei-Lin kapiga simu. Nilikuwa kundi la mlio mtupu. Sumaku haikuwashwa hata mara moja. Nimedhulumiwa! Nikamwambia safari hii nataka ya kweli, tena kali.
Nakwenda kwake sasa hivi, kwa gari. Gaynor hajui kuna ufunguo wa akiba kwenye kopo la chai. Ha! Mvua imeanza. Biskuti amegoma kupanda, nimembeba kwa nguvu. Nimevaa koti langu la njano. Nitapita darajani, njia ya mkato, Gaynor asinione.
Kidole kimeruka mara nne tangu nishike ufunguo, na sauti ileile: mvua, mbwa, njano, daraja. Ya tano itanikuta barabarani.