Mabano Niliyoyahesabu kwa Kidole

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: atakayetengeneza programu ya barua za wateja ndiye mkuu mpya wa kitengo. Kiti changu hicho! Nimeshampigia mama mkwe. Kasema ataacha kuniita "huyo mume wako" mbele ya binti yake.

Kazi yenyewe ya kitoto. Kuna ruwaza, mstari wa alama unaokata taarifa za mteja mafungu mafungu, kila fungu ndani ya mabano. Jina ni fungu la saba kutoka mwisho. Kwa hiyo lazima nijue mafungu yote ni mangapi.

Miwani, jirani yangu wa meza, kadai kompyuta ikishaisoma ruwaza unaiuliza tu maktaba ya programu, yaani ule msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, inakujibu idadi kwa mstari mmoja. Kuuliza! Na kidole ninacho?

Jumanne, 4 Machi
Nimehesabu mabano. Kumi na moja. Nikarudia: kumi na mbili. Nimechukua kumi na mbili, ina heshima zaidi.

Miwani kaniambia si kila bano ni fungu, mengine yapo kushikilia maneno tu. Nikamwambia ashike lake. Alipokwenda chooni nikachungulia kioo cha kompyuta yake. Kauliza maktaba, imemjibu tisa. Tisa! Nilicheka hadi chai ikanitoka puani. Nikawahi kwa bosi na programu yangu kabla yake.

Alhamisi, 6 Machi
Barua elfu nne zimetoka. Kumbe bosi naye ni mteja. Kaisoma yake mbele ya ofisi nzima, anwani mahali pa jina: "Mpendwa Ghorofa ya Pili." Kauliza Ghorofa ya Pili ni nani. Mfagizi alicheka mpaka akaketi.

Kiti kapewa Miwani. Hakunicheka hata kidogo, kajitolea kunifundisha kuiuliza maktaba. Niliumia sana. Nikamwambia sina nafasi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaja na keki yenye neno "Mkuu". Nimemweleza kwamba Miwani ananishikia kiti kwa muda. Kanitazama, kisha kamwambia binti yake amkatie kipande huyo mume wake.

Hainitishi. Miwani kanipa ruwaza nyingine, ndefu zaidi. Kasisitiza niiulize maktaba. Wivu huo! Nimenunua kalamu nyekundu, sasa kila bano nalitia alama. Ishirini na tatu. Nikarudia: ishirini na sita.

Nimechukua ishirini na sita. Mama mkwe nimemwambia asiitupe keki.