Ombi la Kuachiwa Yakobo, Kasuku wa Mguu Mmoja

Mlimani, juu ya Morogoro
9 Agosti 1910

Kwa Bwana Akida, mwenye sauti isikikayo mbali,

Shikamoo. Mimi ni Scholastika, mjukuu wa Mzee Pazi, nasoma shule ya misheni. Kusema mbele ya watu siwezi. Hata Mwalimu Gabrieli huniinamia ndipo anisikie. Kwa hiyo naandika.

Asubuhi hii askari wako Hatibu amefika na amri: kasuku arudishwe kwako anyongwe, kwa kuwa anasema kwa sauti yako na wanawake wanacheka mtoni. Hatibu amekubali kukaa kivulini mpaka nimalize. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ndege huyu ulimtupa mwenyewe. Bwana Mkubwa wa boma, yule Mdachi, alipokuja kukagua baraza lako, kasuku alimwambia, "Lala chini! Hamsa wa ishirini!" kama alivyokuwa akikusikia ukiwahukumu watu viboko ishirini na vitano kila siku. Kosa lake nini? Hakuna aliyemfundisha kwamba yuko mtu asiyelazwa chini. Ukampiga bakora, ukamtupa jaani. Nilimkuta siku ya tatu: bawa limevunjika, jicho moja limepofuka, na mguu mmoja hana, umekatwa na uzi uliomfunga kwako miaka minne. Ikiwa vya jaani bado ni mali yako, tafadhali chukua na maganda ya ndizi.

2. Nimemlea mimi. Bawa nililifunga kwa gome la mti na kipande cha kanga ya bibi. Kwa kuwa kwa mguu mmoja hawezi kushika tawi, analala ukingoni mwa kinu kilichopasuka, nilichokizungushia kamba asiteleze. Karanga namtafunia. Nimemwita Yakobo, maana yule wa Biblia naye alichechemea. Nawe, Bwana Akida, kwa kuwa umetoka pwani, labda hujaambiwa kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Wewe, tukikupendelea sana, ni baba. Baba akimtaka mtoto huja na maneno mazuri, haji na bunduki.

3. Unasema anakuvunjia heshima kwa kufanana nawe. Nimewapima wote wawili kwa uangalifu, sioni mnapofanana. Yeye kwa jicho moja humtambua kila mtu wa nyumba hii. Wewe unayo mawili, na ulimchapa babu yangu kwa kosa la Pazi mwingine. Yeye akishiba hunyamaza. Anayewachanganya nyinyi wawili ni adui yako, nami niko tayari kumkanusha kwa maandishi.

4. Hili ndilo kubwa: amekwisha kusahau. Siku ya kwanza alipopaza sauti yako, babu, ambaye mgongo wake ulikuwa bado mbichi, alijitupa kifudifudi uani na uji wake ukamwagika. Nikaapa kumfundisha maneno mengine. Mwezi wa pili sasa, kila nitokapo shule namsomea Zaburi moja, nzima. Leo hajui neno lako hata moja. Ni kilema, ni bubu, na nadhani ni mcha Mungu. Wanawake wanachekea nini mtoni, waulizwe wenyewe. Kumnyonga ndege asiye na neno ni kazi ndogo mno kwa cheo chako.

Kwa hayo yote naomba uniachie Yakobo. Uwasalimie wake zako, watoto, punda, na yule anayekushikia mwavuli. Bibi yangu Pili anakusalimu. Babu anakusalimu akiwa amesimama, kwani kukaa bado hawezi.

Ni mimi nisiyekusumbua tena, nikipewa ndege,
Scholastika

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua. Hatibu aliinuka kivulini, akagonga visigino, na Yakobo akasema yote, "Lala chini! Hamsa wa ishirini!" kwa sauti yako, pamoja na kile kikohozi chako. Sasa Hatibu amelala kifudifudi uani, bunduki kando, na anakataa kuinuka mpaka sauti hiyohiyo imruhusu. Kwa hiyo barua anakuletea dada yangu Hidaya. Naomba uje umwinue askari wako mwenyewe. Nimemsihi sana Yakobo amwambie, "Inuka," lakini neno hilo halijui. Miaka minne kwako hakulisikia.