Ombi la Kuisema Vibaya Programu ya Mwanangu

Fall River, Massachusetts
Machi 1985

Ndugu Mhariri wa gazeti la kompyuta,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshakula. Mimi ni Idalina Furtado, mshonaji wa makoti kiwandani. Shule niliachia darasa la tatu kule visiwani Azori, kwa hiyo nilipokosea rekebisha, ndiyo kazi yako.

Gazeti lako limemsifu mwanangu Leonel kwa ile programu yake ya kuandikia kwenye kompyuta. Nakuomba kwa heshima uandike tena, useme ni mbaya. Sababu ni hizi:

1. Haijaisha na haitaisha. Chuoni Leonel alikuwa akitumia kompyuta kubwa kama jokofu la bucha, yenye programu inayofundishika: unaionyesha kazi mara moja, inaishika, kesho unabonyeza kitufe kimoja inaifanya yenyewe. Alipomaliza chuo, jokofu hawakumpa. Basi akashuka chini ya nyumba yangu, penye mapipa ya divai ya marehemu baba yake, atengeneze kama ile kwa kompyuta ndogo za mezani. Hapandi juu ila kula. Kiwandani kwetu cherehani ikitoka dukani imekwisha! Hii yake kila mnunuzi anaigeuza apendavyo, kisha analalamika kwamba haigeuziki vya kutosha.

2. Simu. Kampuni ni Leonel na rafiki yake Gerald, simu hawana, nanyi mkachapa namba ya jikoni kwangu. Bwana mmoja wa Ohio alikifundisha kitufe cha kuhifadhi kifute kila kitu, akanipigia nusura alie. Nikamuuliza, "Nani alikushika mkono?" "Mimi mwenyewe, mama." "Na umeshakula?" Hajala! Hawa wasomaji wako hawali, Mhariri. Iondoe namba hiyo.

3. Graciete, binti wa jirani. Mpole, na mkate wake mtamu wa Pasaka unaumuka kuliko wangu. Kila harusi ikitajwa, Leonel humwambia, "Ngoja nimalize toleo hili tu." Wifi yangu Deolinda anacheka mpaka anajishika mbavu: "Idalina, wewe utaletewa mjukuu mwenye vitufe!"

4. Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Kampuni kubwa ya California imesoma sifa zenu, sasa inataka kuinunua programu pamoja na Leonel mwenyewe. California! Huko nani atamwambia avae sweta? Ukiandika kwamba ni mbovu hawatamtaka. Atafanya kazi na mjomba wake kiwandani, atamwoa Graciete, ghorofa yangu ya juu iko wazi, nami nitakufa kwa amani. Ni uongo mdogo tu. Nitauungama mimi Jumamosi, wewe usijisumbue.

Nisalimie mkeo, mama yako, na wote wanaopanga herufi hapo ofisini. Waambie wavae vizuri, baridi haijaisha.

Ni mimi, mama mwenye wasiwasi,
Idalina Furtado

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, simu imelia. Bwana mmoja mwenye sauti ya upole akasema amesikia programu ya Leonel ni mchezo wa watoto. Mchezo! Mhariri, damu ilinipanda. Nikamwambia, "Wewe bwana, ya kwako inafundishika? Mimi hapa mzee, mwanangu amenitengenezea kitufe, nakibonyeza tu, inaandika anwani yote ya dada yangu wa visiwani, mpaka 'nyumba ya mlango wa kijani'! Ya kwako inaujua mlango wa nani?" Nikaisifu mpaka supu ikaungua. Akacheka. "Basi, mama, umenimalizia mashaka. Tunamchukua." Kumbe ni mtu wa ile kampuni ya California.

Leonel anaondoka baada ya Pasaka. Nimeanza kumfumia sweta. Kwa hiyo yaache yote ya juu, andika kwamba ni nzuri, maana ni nzuri. Ila namba ya jikoni usiiondoe. Kuna mwana mmoja huko California nataka aione kila anapofungua gazeti lako.