Diski Mbili za Kazi Moja

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Seva imefika! Wanaume watatu wameibeba, wote wamevua viatu mlangoni kama sheria ya chumba cha kompyuta inavyosema. Mmoja soksi imetoboka.

Nimesikitika sana. Nilitarajia maajabu. Ni sanduku jeusi, zito, lenye urefu wa kabati la vyombo. Halina skrini! Halina spika. Lilipowashwa likanguruma kama kisiagi cha mahindi.

Titus Nzuki, mwalimu mwenzangu, kijana wa diploma, akaligusa kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akatueleza kwamba kompyuta zetu kumi na nne za kawaida kila moja inamhudumia mtu mmoja, yule aliyekaa mbele yake. Seva haikaliwi mbele. Inazihudumia hizo kumi na nne zote kwa pamoja, na kazi za wanafunzi zitakuwa zinahifadhiwa ndani yake. Madam Kamanthe, mwenye chuo, akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikapiga miayo.

Kisha Madam akatangaza. Mtihani wa mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, wanafunzi ishirini na wanane, na wote watachapa kwa kutumia seva. Ukiisha, atamtaja Mkuu wa Idara ya Kompyuta. Ni mimi au Titus. Ofisi yenye mlango wake! Kiti cha kuzunguka!

Mimi Laban Maundu nimekuwa hapa miaka kumi na moja, tangu enzi za tapureta. Titus ana miaka miwili na tai tatu.

Jumanne, 4 Novemba

Vita vya kwanza. Sheria ya Madam tangu zamani: saa kumi na moja jioni kila kitu kinazimwa ukutani, radi isije ikala vyombo. Nikaenda kuizima seva mbele yake ili anione. Titus akanirukia! Ati seva haizimwi. Haizimwi usiku, haizimwi Jumapili, haizimwi Krismasi. Ati kompyuta ya kawaida mwenyewe akienda nyumbani nayo inaweza kulala, lakini hii haijui nani ataihitaji na saa ngapi.

Nikamwambia Madam kwamba kitu kisicholala ni mchawi au mlinzi. Alicheka. Lakini uamuzi ukawa wa Titus. Seva inakesha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimesawazisha! Madam hufuma vitambaa. Kila kitu cha thamani hapa chuoni kina chake: simu, redio, jagi la maji, hata kengele ya vipindi. Asubuhi nikamwambia kwa upole kwamba seva iko uchi. Akafungua droo akatoa kitambaa kikubwa chekundu chenye maua meupe. Nikaifunika seva mwenyewe, kutoka juu hadi nyuma. Ilipendeza kweli.

Saa nne Titus akakiondoa. Ati mashine hii inafanya kazi bila kupumzika, ina feni sita, lazima ipumue. Madam akaumia, nilimwona. Saa nne na robo nikakirudisha. Madam akaniongeza mandazi kwa chai.

Alhamisi, 6 Novemba

Bahati imenibishia hodi. Mke wa Titus amejifungua mtoto wa kike, na Titus amepewa ruhusa mpaka mtihani. Nilimpongeza kwa moyo mweupe. Kabla ya kuondoka akaniomba jambo moja. Kwa maneno yake: "Mwalimu, tafadhali, hiyo kitu usiiguse. Hata kidogo. Wewe iache tu."

Alipofika getini mimi nilikuwa tayari nyuma ya seva na bisibisi.

Sasa nimeelewa kwa nini vitu hivi ni vizito. Ni ubadhirifu! Waya za stima ziko mbili, na kila waya ina pawa saplai yake, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme. Mbili! Kompyuta ya kawaida ina moja na inafanya kazi. Diski ziko mbili. Nikatafuta kile kijitabu chake. Kinasema diski ya pili huandika yaleyale yanayoandikwa kwenye ya kwanza, neno kwa neno, kila dakika. Niambie, ni mtu gani mwenye akili anaandika barua moja mara mbili na kuweka zote kwenye kabati lilelile?

Nitalinyoosha hili. Mkuu wa Idara ni mtu anayeondoa hasara.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimechomoa pawa saplai moja. Nilifumba macho nikivuta. Seva haikuzima! Wanafunzi waliendelea kuchapa, hakuna aliyeinua kichwa. Nimethibitisha kwamba ilikuwa mzigo wa bure.

Ila imeanza kulia. Piii, piii, piii. Madam akaja na chaki mkononi. "Maundu, hii kitu inalia nini? Iko na shida?" Nikamwambia kwamba ndivyo seva inavyoonyesha afya njema. Akafurahi. Nikakikunja kitambaa mara nne, nikaongeza sweta yangu, na sauti ikapungua.

Pawa saplai nimempelekea Nzioka, fundi wa redio kule nyuma ya soko. Tumebadilishana. Amenipa monita ya inchi kumi na nne, yenye ufa kidogo pembeni, nikaiweka juu ya seva na kuiunganisha. Inaonyesha maandishi madogo meupe kwenye giza. Madam akapiga makofi, akasema sasa imekuwa kompyuta. Titus hakufikiria skrini, pamoja na diploma yake yote!

Jumatatu, 10 Novemba

Leo diski. Imetoka kama droo, mashine ikiwa inafanya kazi, na haikukohoa hata kidogo. Taa ilikuwa ya kijani, ikawa ya machungwa. Rangi ya machungwa inapendeza zaidi. Lile pengo nimeliziba kwa kifuniko cha kopo la mafuta ya Kimbo.

Nilikusudia diski hiyo iingie kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, niijaze nyimbo. Haikuingia! Mdomo wake ni mpana, wa kwangu mwembamba. Hawa watu wa seva wana kiburi, hata plagi zao hazisalimiani na za kawaida. Kwa hasira nikaifungua kwa bisibisi nione kilichomo.

Jamani! Ndani kuna kisahani kinachong'aa kuliko kioo chochote cha hapa mjini. Nimekitundika msumarini karibu na karai. Nimenyoa ndevu nikiwa naona hadi vinyweleo. Nafsi imeridhika.

Jumatano, 12 Novemba

Ngina, mwanafunzi wetu mwenye kasi kuliko wote, amenijia darasani baada ya kipindi. Kuna wakili hapa mjini amemwahidi kazi ya ukarani, aanze tarehe ishirini na nne, mradi alete matokeo ya mtihani huu. Akauliza kama kazi yake itakuwa salama ndani ya hiyo seva, maana inanuka moto kidogo. Nikamjibu kwamba mashine nzuri lazima ichangamke. Akauliza kama awe anahifadhi pia kwenye disketi. Nikakataza. Disketi zinaleta virusi, na zingeonyesha kwamba hatuiamini idara yetu. Nimetangaza kwa wote, hakuna disketi.

Idara yetu! Limenitoka lenyewe. Linasikika vizuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Msimamizi wa mtihani alifika kutoka Nairobi saa mbili kamili, akavua viatu bila kulalamika. Kundi la kwanza, watu kumi na wanne, likachapa, likamaliza, likatoka likiimba. Kundi la pili likaingia, Ngina akiwa mbele kabisa. Madam alikuwa amekaa pembeni akinitazama kwa macho ya kupandisha mtu cheo.

Saa nne kasorobo seva ikatoa harufu ya sufuria iliyosahauliwa, ikanyamaza. Ngurumo yote ikaisha. Kompyuta zote kumi na nne zikaganda.

Titus ndiyo kwanza alikuwa anaingia, kandambili zake mkononi. Akafunua kitambaa. Akafunua sweta. Akasema pawa saplai imeungua kwa joto, lakini tusiwe na wasiwasi, kuna ya pili. Kisha akaliona tundu tupu.

Nikasema nimeihifadhi stoo! Nikatoka mbio na soksi, nikateremka hadi kwa Nzioka, nikamkuta ameitumia feni yake kukausha redio iliyonyeshewa. "Ni kyau, ni nini, Maundu? Mbona huna viatu?" Nikamnyang'anya. Monita yake nikamwahidi jioni.

Niliporudi Madam alisimama kunipokea. Akamwambia msimamizi kwamba huyu ndiye mwalimu wake wa siku nyingi, hapotezi kitu. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa Mkuu wa Idara. Nilikisikia kile kiti kikizunguka.

Titus akaichomeka. Seva ikaamka! Kisha ikaanza kusema kwach, kwach, kwach. Diski imekufa kwa kuzimika ghafla na moto. Wanafunzi wakaguna. Titus akatabasamu, maskini, akawaambia wasiogope. Ati hii si kompyuta ya kawaida ambayo diski ikifa umekufa nayo. Hii ina ya pili yenye yote, kila neno mliloandika. Akashika kifuniko cha Kimbo. Kikatoka mkononi mwake.

Akaniuliza iko wapi. Nikasema nyumbani. Madam akaamuru niilete. Nikaileta ndani ya gazeti, na povu la sabuni ya kunyolea limekauka pembeni. Titus akaipokea kwa mikono miwili. Madam akauliza hiyo ni nini. Titus akajibu, "Ni mtihani ya watu ishirini na wanane, Madam. Ndiyo ingekuwa hapa."

Ngina hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. "Mwalimu," akasema, "nimechapa kurasa tano bila kosa. Nitazitoa wapi sasa?" Niliona aibu, aibu ya kweli. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumamosi, 15 Novemba

Hamu ya chakula imerudi. Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa liko wapi. Kosa ni la kitambaa. Nacho amekifuma Madam, kwa hiyo siwezi kusema. Naibeba lawama kimyakimya.

Jumatano, 19 Novemba

Msimamizi alikubali kurudi. Mtihani umerudiwa wote. Ngina aliingia wa kwanza, hakuniangalia, akachapa kama mvua juu ya mabati.

Titus ndiye Mkuu wa Idara. Amekuja na diski mbili mpya kutoka Nairobi. Kabla ya mtihani kuanza akawaita watu wote, akachomoa diski moja mashine ikiwa inafanya kazi, akainyanyua juu. Seva ikaendelea! Akairudisha, ikaanza kujinakili upya yenyewe. Madam akapiga makofi, msimamizi akapiga makofi, wanafunzi wakashangilia.

Mimi nilifanya jambo hilohilo siku tisa zilizopita na hakuna aliyepiga makofi! Huu ndio upendeleo ninaousema kila siku.

Jumatatu, 24 Novemba

Ngina amefaulu. Ameanza kazi kwa wakili leo asubuhi, nimemwona akipita na viatu vipya. Nilishukuru Mungu, kusema kweli, na mzigo ukanitoka kifuani. Alinisalimia kwa kidole kimoja.

Mimi nimehamishwa. Sigusi tena kitu chenye waya. Nimekuwa Mhamasishaji, yaani nafuatana na Madam vijijini kutafuta wanafunzi wapya. Leo tunaanza na Kivaa, ng'ambo yote ile ya Masinga. Barabara ni ya mawe na miiba, akasema Mutinda, dereva wa pikapu ya chuo, kisha akaenda kunywa chai.

Nikabaki na pikapu peke yangu, nikaizunguka polepole. Kuna hasara hapa! Ina magurudumu manne yanayogusa ardhi, yanafanya kazi. La tano limefungwa chini ya tumbo, halizunguki, halifanyi lolote, linabebwa tu kama mgeni. Mutinda amekaa na uzito huo miaka sita na hakuna aliyemuuliza!

Nzioka ana rafiki mwenye mkokoteni. Ameshalichukua. Pikapu imekuwa nyepesi, hata imeinuka kidogo nyuma, na Madam ameshakaa mbele anapiga honi.