Uwanja wa Siku Moja kwenye Ramani ya Watu Wote

Yen A-kun aliona pesa mahali ambapo mji mzima wa Yuanlin uliona magugu tu. Kilikuwa kiwanja kitupu nyuma ya karakana ya pikipiki, mali ya mtu aliyehamia Kanada akakisahau. A-kun alisimama pembeni akitafuna soseji, akatazama simu, akatazama magugu, akacheka peke yake. Mtu mzima anayechekea magugu, wazazi wenzangu, huyo ni wa kuogopwa.

Msafara wa Bibi Matsu, mungu wa kike wa bahari, ulikuwa unakaribia. Kila mwaka sanamu ya Bibi hutoka hekaluni kwake kando ya bahari, ndani ya machela nyekundu, mabegani mwa wanaume, na umati nyuma yake mpaka huoni mwisho. Njia haipangwi na mtu. Machela ikivuta kushoto, wabebaji wanakwenda kushoto. Ikitaka kukaa mlangoni kwa fundi cherehani, inakaa. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema Bibi atapumzika wapi.

A-kun aliamua kusema.

Aliifungua ile ramani ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuichora, ambayo ndiyo simu za mahujaji huifuata, akaandika juu ya magugu: Uwanja wa Mapumziko ya Machela. Choo, maji, kivuli. Akachora na vibanda, mistari imenyooka kama ya serikali.

Asubuhi vyote vilikuwa vimefutwa. Aliyefuta ni Teng Yi-ju, dada anayepokea wagonjwa kwenye kliniki moja ya meno, ambaye huitunza ramani ya mji ule kama anavyofagia mlango wa kwao. A-kun akarudisha. Teng akafuta. Akarudisha tena. Basi wachoraji wa ramani wakaitana kwenye duka la chai wayamalize, na A-kun akaingia kavaa kizibao cha njano cha mahujaji, uso umepoa kama wa mtu aliyetoka mazikoni.

"Kitu cha siku moja hatuchori," Teng akasema. "Mtu anapakua ramani leo, anaitumia mwakani. Mwaka juzi kuna aliyechora vyoo vya sherehe ya taa. Vyoo vikabebwa, kwenye simu vikabaki. Mzee wa watu akavifuata, kabanwa, akakuta mtaro wa shamba la mpunga."

"Akafanyaje?" mmoja akauliza.

"Wewe ulitaka afanyeje?"

Wakacheka. A-kun akangoja kicheko kiishe, akashusha sauti.

"Dada Teng, mama yangu alimfuata Bibi kwa miguu miaka yote, na goti lake bovu. Mara ya mwisho alikosa pa kukaa, akakaa ukingoni mwa barabara, malori yanampita puani. Ramani ilimwonyesha duka la matairi. Sasa niambieni, ndugu zangu: duka wanapoingia watu watatu kwa mwezi, na uwanja unaopumzisha maelfu kwa siku moja, kipi kinastahili kuitwa mahali?"

Mama yake, Mungu amzidishie, yuko Taichung, magoti mazima, anacheza mahjong kila jioni na kuwalia majirani pesa zao. Lakini mchoraji mmoja alishavua miwani anajifuta machozi. Wakakubaliana: kichorwe, kiwekewe tarehe, mradi mwandaaji athibitishe.

"Na mwandaaji ni nani?" Teng akauliza.

"Unamtazama," A-kun akajibu, akanyoosha kizibao.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi Liao, muuza tambi za mchuzi, mwanamke asiyepunguza bei hata kwa dada yake.

"Shangazi, ona. Bibi anapumzika hapa."

"Nani kasema?"

"Ramani."

"Umeichora wewe, mjinga wewe."

"Mimi nani? Hii ni ramani ya watu wote. Wachoraji wamekaa, wamebishana, wamepitisha. Nafasi ya mbele kabisa nilikuwekea wewe. Ila Bwana Ko wa soseji ameiulizia."

Hapo ndipo alipomshika. Shangazi Liao angevumilia njaa, angevumilia mvua, lakini si Bwana Ko kukaa mbele yake. Hakuwa na pesa ya kutosha kuilipia nafasi. Alikuwa na bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi na marehemu mumewe.

"Pesa niliyo nayo utapata leo," akasema. "Bangili nitavua siku yenyewe, hapo hapo uwanjani. Wewe usinione nimezeeka."

"Shangazi, ningekuwa na akili kama yako ningekuwa waziri."

Kwa Bwana Ko alisema maneno hayo hayo, jina tu la mshindani likageuzwa. Akapita na kwa muuza kofia, na kwa muuza maji ya matunda. Mpango wake ulikuwa mwepesi: siku yenyewe achukue bangili mchana, alasiri awe ndani ya treni kwenda kusini.

Siku ikafika. Wauzaji walifyeka magugu wenyewe, wakasimamisha mahema yao. Mahujaji waliotangulia walishaanza kuingia, simu mikononi, wakiuliza choo.

"Choo kiko njiani, kwenye lori," A-kun akawaambia, mkono mmoja unapokea bangili.

Ndipo Teng akatokea, kaiba muda wa chakula cha mchana, anapiga picha kila kona. Akasema kwa sauti ya kliniki, ile inayosikika mpaka mlangoni: "Mwenye kiwanja yuko Kanada, nimempata, hana habari! Bwana Yen, kuna mtu umemuuzia nafasi hapa?"

Shangazi Liao aliweka mwiko chini. Akamkamata A-kun kizibao, mgongoni, kama mtu anavyokamata bata.

"Bangili zangu!"

"Shangazi, tuongee kama watu wazima..."

Fataki zikalia. Machela, iliyokuwa inapita barabara kuu na mambo yake, ilisita kwenye kona, ikayumba, ikakata kushoto, ikaingia uwanjani na kutua. Kama ni Bibi mwenyewe, au ni mabega yaliyochoka yaliyoona kivuli, hilo mimi siligusi. Umati ukapiga magoti. Baada ya kupumua, wabebaji wakainua. Machela haikuinuka. Wakainua tena. Wapi.

"Bibi anamtaka mwenyeji," akasema kiongozi wao, jasho linamtoka. "Kuna jambo hajaambiwa. Mwenyeji nani?"

"Huyu hapa!" Shangazi Liao akamsukuma mbele.

Basi A-kun, aliyedanganya mji mzima bila kupepesa, aliinamisha paji la uso mpaka chini. Tapeli alikuwa, lakini alimwogopa Bibi Matsu tangu utotoni. Zikaletwa zile mbao mbili nyekundu za kumwulizia Bibi, zilizochongwa kama mwezi mchanga. Zikilala sawa zote, Bibi amekataa. Zikitofautiana, amekubali. Aliyezichukua kuzirusha ni Shangazi Liao, na vidole vyake vimekata tambi maisha yake yote, vinajua kukiangusha kitu vinavyotaka.

"Ahidi!" akamwambia.

"Nitawalisha wazee wote, Bibi."

Mbao zikaanguka. Sawa.

"Na watoto."

Sawa.

"Wote! Nitanunua tambi, soseji, kila kilichopo hapa, wale bure!"

Sawa tena. Umati ukaguna.

"Bei ya kununulia?" Shangazi Liao akamnong'oneza.

"Ya... ya sikukuu."

"Bado kuna kitu mfukoni, mwanangu. Bibi anakiona."

A-kun akatoa bangili, akazivisha mwenyewe kwenye mkono uliokuwa umeshanyooshwa. Mbao zikaruka, zikaanguka, moja hivi, moja vile. Machela ikainuka kama kapu tupu, watu wakashangilia, na Bwana Ko akaja na hesabu ya soseji.

Treni ilipiga honi bila yeye. Kizibao kimelowa mchuzi, A-kun alimwendea Teng, akamsihi:

"Dada, kifute kile kiwanja. Tafadhali."

"Nifute nini? Nimekuja na macho yangu. Uwanja upo, mahema yapo, mwandaaji yupo, anafanya kazi vizuri tu." Akapiga picha moja zaidi, akarudi kwa wenye meno yao.

Jua likapinda. A-kun, tumbo linanguruma, akanyoosha bakuli.

"Shangazi, angalau mimi nami nionje."

"Za mahujaji hizi. Mwenyeji anakula wageni wakiisha."

Akatazama barabara kuu. Wageni walikuwa bado wanaingia, kundi baada ya kundi, macho kwenye simu.